Jedwali la Nakijwa

Elibariki mwanangu,

Leo mchana ulipokwenda kumuaga bibi yako, nilifungua begi lako. Usihangaike kulikagua, kila kitu nimekirudisha kilipokuwa. Sikuwa natafuta kitu maalumu. Nilikuwa natafuta tu, kama nilivyozoea, na nilichokuta ni mashati manne, ile suruali ya kijivu ambayo bado ina unyevu kiunoni, vyeti vyako kwenye bahasha, na kopo la karanga ambalo nadhani umepewa na yule binti wa kwaya usiyetaka kututajia jina lake. Nikafunga zipu. Nikakaa sebuleni nikaona haya. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi, jua likiwa bado juu, kabla hujarudi na kabla sijabadili mawazo.

Sitaandika kuhusu chakula, wala chandarua, wala watu wa vituo vya mabasi wanaojifanya wanakusaidia mzigo. Hayo nimeyasema mpaka baba yako anayasema pamoja nami, neno kwa neno, huku anacheka. Ila kuna jingine la aibu, acha nilitue kabisa. Wiki iliyopita nilimpigia simu mkuu wa shule yako mpya huko Mpanda, nikajifanya karani wa ofisi fulani, ili nihakikishe kwamba hiyo shule ipo. Ipo. Yule bwana alinijibu kwa upole sana, na upole wake nao ukanitia wasiwasi siku mbili.

Ndivyo nilivyo, wewe unajua. Lakini hujui tabia hii ilikotoka, wala hujui ilimfikisha wapi mtu mwingine. Juma lijalo utasimama mbele ya watoto na kalamu nyekundu mfukoni, na somo lenyewe ni lilelile langu, fizikia. Nataka jambo hili ulisikie kwangu. Same ni mji mdogo, na tayari kuna watu mtaani wanaolijua nusu.

Nianzie mbali kidogo.

Nilipokuwa kidato cha nne, kule milimani upande wa Mwanga, si mbali na Msangeni, tulifanya jaribio la lenzi. Ni lile ambalo na wewe utawafanyisha wanafunzi wako kila mwaka. Mshumaa, lenzi mbinuko, kipande cha kadibodi nyeupe na rula ya mita. Unauweka mshumaa mahali, unasogeza kadibodi mpaka picha ya ule moto itulie, kichwa chini. Unapima kutoka mshumaa hadi lenzi, unapima kutoka lenzi hadi picha, unaandika. Unarudia mara sita. Kisha unachora grafu: umbali wa mshumaa kwenye mstari wa chini, umbali wa picha kwenye mstari wa kusimama, na nukta zako sita zinakupa ule mstari uliopinda, unaoteremka kwa kasi kisha unajilaza, unaukaribia mwisho wake lakini haufiki. Unayajua haya kuliko mimi sasa. Nayaandika kwa mpangilio kwa sababu pasipo hayo hutaona nilipoteleza.

Siku ile ukungu ulikuwa umeingia mpaka darasani. Dirisha la upande wangu lilikosa kioo kimoja, na kila nikiwasha mshumaa upepo unauzima. Nilipima mara mbili tu. Vidole viliganda. Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi naangalia utambi unaotoa moshi. Lakini fomula nilikuwa nayo kichwani: moja gawanya kwa umbali wa mshumaa, jumlisha moja gawanya kwa umbali wa picha, jibu ni moja gawanya kwa urefu wa fokasi. Na urefu wa fokasi ulikuwa umeandikwa kwa penseli juu ya bahasha ya lenzi. Nikapiga hesabu chini ya meza. Nikapata mistari minne iliyobaki bila kugusa kiberiti. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kwamba binti wa miaka kumi na saba alilifikiria: nikazichafua zile namba. Hapa nikaongeza milimita mbili, pale nikapunguza tatu, zionekane zimetoka kwenye mikono ya mtu.

Mwalimu wetu aliisifu grafu yangu. Akaibandika ukutani, ikakaa pale mpaka tukamaliza shule. Kila nilipopita chini yake nilihisi mtu ananiangalia mgongoni. Hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Kwa hiyo nilichojifunza kwenye lenzi mwaka ule ni namna jedwali la uongo linavyotengenezwa. Na nilipoajiriwa hapa Same, nikapewa fizikia, nikaanza kuona majedwali ya uongo kila mahali. Mengine yalikuwa ya uongo kweli. Nilikuwa hodari. Nikitazama karatasi tu najua nani amepima na nani amepika, na nilisifiwa kwa hilo katika ofisi ya walimu. Wanafunzi waliniita Darubini. Nilijifanya silijui hilo jina, lakini lilinipendeza.

Nakijwa alikuja wakati wewe uko darasa la tatu. Msichana wa Bombo, mrefu, mkimya, anayeuliza swali moja kwa wiki na swali lenyewe linakukalia kooni. Baba yake alikuwa mkulima wa tangawizi. Muhula ule aliwahi kunitumia kifurushi cha tangawizi kwa mkono wa binti yake, salamu za mzazi kwa mwalimu, basi. Wewe mwenyewe uliinywea chai mpaka ikaisha.

Ukafika mtihani wa moko, ule wa kuwapima kabla ya mtihani wa taifa. Kwenye vitendo nikawapa jaribio la lenzi. Upepo wa Same unaujua. Tulifunga madirisha yote, maabara ikawa kama tanuri, na bado miali ya mishumaa ilikuwa inalala upande. Nikakusanya karatasi. Nilipofika kwenye ya Nakijwa, kalamu ikasimama yenyewe.

Jedwali lake lilikuwa na mistari sita, lakini ukiitazama vizuri ilikuwa mitatu iliyojirudia kinyume. Mstari wa kwanza, mshumaa uko sentimita ishirini na nukta moja, picha hamsini na tisa na nukta tisa. Mstari wa pili, mshumaa hamsini na tisa na nukta saba, picha ishirini na nukta tatu. Wa tatu, ishirini na nne kwa arobaini. Wa nne, arobaini na nukta mbili kwa ishirini na tatu na nukta nane. Na ile jozi ya mwisho vivyo hivyo. Namba zilezile zimebadilishana viti.

Sasa, fomula yenyewe inaruhusu. Ukibadilisha umbali wa mshumaa na wa picha, hesabu inabaki sawa. Ndiyo maana grafu ile ukiikunja katikati kwa mshazari, nusu moja inalalia nyingine. Lakini hilo ndilo lililonifanya nimshuku. Nikajisemea, huyu amepima mara tatu, akachoka, akazigeuza. Na zile tofauti ndogo, nukta mbili hapa, nukta tatu pale? Elibariki, nilitabasamu nilipoziona. Nikasema, amezichafua. Hata tangawizi nikaikumbuka, nikaona kumbe ilikuwa na maana yake.

Nikamwita maabara baada ya vipindi.

"Umepima mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara sita, mwalimu."

"Na hizi zimejirudia kwa bahati?"

"Sikuhamisha mshumaa wala kadibodi. Nilisogeza lenzi peke yake. Nikaisogeza kuelekea kwenye kadibodi, picha ikapotea, halafu ikarudi. Ndogo zaidi."

"Picha hairudi, Nakijwa."

"Inarudi, mwalimu. Naomba nikuonyeshe."

Mishumaa ilikuwa palepale mezani. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Ingenichukua dakika tatu. Nikamwambia muda umekwisha, maabara inafungwa.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Kumshuku haikuwa kosa, hata leo jedwali kama lile lingenifanya niulize. Kosa ni kwamba alitaka kunionyesha nami sikutaka kuona. Na sababu ya kutotaka nimeitafuta miaka mingi. Nadhani nilikuwa namwangalia binti mwingine kabisa, aliyekaa karibu na dirisha lisilo na kioo, na nilitaka sana hatimaye mtu amkamate.

Mkuu wa shule aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Asubuhi yake Nakijwa alitajwa mstarini mbele ya shule nzima, nami ndiye niliyesoma jina, nikaeleza na kosa. Akasimamishwa masomo wiki mbili. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tano. Hakulia. Alifunga godoro lake, akapanda basi kurudi kwao.

Siku kumi baadaye nilikuwa na kidato cha tatu, jaribio lilelile, mimi mwenyewe naonyesha mbele. Mwanafunzi mmoja akakohoa, nikageuka kumtazama, mkono wangu ukasukuma kishikio cha lenzi. Picha ikafifia kwenye kadibodi. Kwa hasira nikaendelea kukisukuma badala ya kukirudisha, nikiwa bado nawaambia wakae kimya, na darasa likafanya "aaa!" Nikageuka. Kulikuwa na moto mdogo, mkali, umepinduka, umetulia katikati ya kadibodi. Mshumaa haujahama. Kadibodi haijahama.

Nikawaambia waandike walichokiona. Nikatoka nje nikasimama kwenye korido, upepo unanipiga vumbi la macho.

Kisha nikaenda ofisini nikatoa karatasi yake. Nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Nikajumlisha umbali wa mshumaa na umbali wa picha, mstari kwa mstari. Jozi ya kwanza: themanini, na themanini. Jozi ya pili: sitini na nne, na sitini na nne. Ya tatu vilevile, mpaka nukta. Kama mshumaa na kadibodi havikuhama, lazima jumla ibaki ileile, hata kama jicho limekosea mahali hasa pa kusimamisha lenzi. Hizo nukta mbili na tatu nilizosema amezichafua zilikuwa jicho lake likihangaika na mwali uliolala kwa upepo. Mtu anayepika hawazi jumla. Mimi nilipopika sikuiwaza.

Jumamosi nikapanda basi la Gonja, nikamalizia kwa bodaboda mpaka Bombo. Baba yako nilimwambia naenda kumwona mzazi. Sikumwambia kwa nini.

Baba yake Nakijwa alinipokea uwanjani, akanipa kiti, akaniambia karibu mwalimu. Kisha, kabla sijakaa vizuri, akauliza taratibu, "Amefanya nini tena?"

Hilo neno "tena". Akaendelea, "Aliniapia kwamba hajaiba. Nikamwambia, mwalimu hawezi kutoka tu akamsingizia mtoto wa mtu. Nimemwambia mpaka akubali kosa lake, sitazungumza naye."

Nakijwa alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha tangawizi kwenye beseni. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye khanga. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nikamweleza mbele ya baba yake: lenzi, kidato cha tatu, jumla ya namba. Baba yake hakuelewa hesabu, lakini alielewa, maana alivua kofia akawa anaigeuzageuza mikononi.

Nakijwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeiona picha ikirudi," akasema.

"Nimeiona."

"Basi mimi hujaniamini, mwalimu. Umeuamini mshumaa."

Baba yake akamkemea kwa Kipare, maneno mawili makali. Nikamwambia amwache. Nikamwomba Nakijwa arudi shule Jumatatu, nimekwisha kuzungumza na mkuu. Akaniuliza, "Utasema mstarini? Ulinisema mstarini."

"Nitasema," nikamjibu.

Nilitaka hadithi iishie hapo, Elibariki. Kwa miaka mingi hata mimi mwenyewe nilijisimulia mpaka hapo tu, mwalimu aliyepanda mlima kuomba radhi kwa mwanafunzi wake. Inapendeza. Lakini Jumatatu ilifika.

Nilisimama mbele ya shule nzima, mkuu kulia kwangu, walimu wenzangu nyuma. Nakijwa alikuwa mstari wa tatu. Na wakati nafungua mdomo nikawakumbuka wengine. Wale niliowakamata mwaka uliotangulia, na mwaka wa nyuma yake. Kama nikisema hapa kwamba nilikosea kwa Nakijwa, nani atazuia nisiulizwe kuhusu wao? Na nikiulizwa, nitajibu nini? Sikuwahi kuwasha mshumaa kwa ajili ya hata mmoja. Nikawatazama walimu wenzangu na kila uso nikauona unangoja nianguke. Huenda mmoja alikuwa anawaza chai tu.

Nikasema hivi: "Kuhusu vitendo vya fizikia kidato cha nne, kulitokea kosa katika usahihishaji, na limekwisha kurekebishwa." Nikarudi nyuma hatua moja. Kengele ikagongwa.

Sikumtaja yeye, wala sikujitaja. Maneno yale nayo niliyapika, ukiniuliza.

Alifanya mtihani wa taifa akafaulu vizuri, fizikia ikiwamo. Lakini alipoendelea kidato cha tano hakuichukua. Nilisikia hivyo kwa watu. Mimi hakunisemesha tena, zaidi ya shikamoo anayotoa mtu kwa sababu amelelewa.

Ungedhani baada ya hapo ningepona. Nenda nyuma ukumbuke kidato chako cha pili, ile siku uliyokuja mbio kutoka getini na karatasi ya fizikia, tisini na moja. Ulikuwa unahema. Mimi nikakuuliza ulikaa karibu na nani. Nikafuta meza ya chakula, nikakukalisha, nikakuandikia maswali yaleyale kwa namba nyingine, na wewe ukayafanya yote huku wali unapoa. Ulipata tisini na tatu. Ulinisukumia karatasi, ukasema, "Haya, mama." Toka siku ile hukuniletea tena daftari lolote. Matokeo yako nikawa nayasikia kwa baba yako, ambaye hajawahi kunishuku hata pale ninapostahili, na wewe alikuamini bila kukukalisha mezani.

Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa. Hukuwa umeiba. Nilijua hata kabla hujamaliza swali la pili, na bado nilikuacha umalize yote.

Huko uendako wanafunzi wataiba, baba. Nisikudanganye. Watakuletea grafu zimenyooka kama zimepigwa pasi, na namba za jirani zimebadilishwa nukta. Utawajua, kwa sababu umelelewa na mimi, na hicho kidonda umekirithi. Nimekuona unavyomtazama kondakta anaporudisha chenji. Sitakwambia uwe kipofu. Shuku, uliza, kaa na karatasi mara ya pili. Ila mtoto akikwambia naomba nikuonyeshe, washa mshumaa. Hata kama kengele imelia. Hata kama una hakika, na hasa ukiwa na hakika, kwa sababu mimi sikuwahi kuwa na hakika kama siku ile. Na ukikuta umekosea, litaje jina lako mahali palepale ulipotaja la kwake. Ukichelewa siku moja linakuwa zito. Mimi nililibeba miaka kumi na minne.

Ndiyo, nimelitua. Hili ndilo ambalo mtaani wanalijua nusu, nami nakupa nusu ya pili.

Mwaka jana, ukiwa chuoni unamalizia, watu wa upimaji walikuja mtaani kwetu kupima viwanja kwa ajili ya hati. Unakumbuka nilivyokuwa nakulalamikia kwenye simu kwamba jirani yetu Bibi Zuhura ameisogeza michongoma kwetu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu. Asubuhi hiyo akaja mwenyekiti wa mtaa, na nyuma yake mwanamke mrefu aliyevaa fulana ya kung'aa na kofia pana, daftari kwapani.

"Shikamoo mwalimu," akasema Nakijwa.

Mwenzake alikuwa na mashine viwanja viwili mbele, kwa hiyo aliniomba nishike ncha ya tepu kwenye kona ya michongoma, yeye akaenda na nyingine mpaka kwenye bikoni, ile alama ya mpaka iliyochimbiwa barabarani. Sifuri ilikuwa upande wake, namba za kusoma zikawa kwangu. Nikasoma kwa sauti, "Mita kumi na nane na nusu." Hakuandika. Akaning'iniza ncha yake kwenye bikoni, akatembea urefu wote wa uzio, akainama pale mkononi mwangu, akasoma mwenyewe.

"Kumi na nane na sentimita arobaini na saba," akasema, akaandika.

Mwenyekiti akacheka. "Huyo ni mwalimu wa fizikia, dada. Hawezi kukosea kusoma."

"Najua," akasema Nakijwa. "Alinifundisha."

Vipimo vilionyesha kwamba michongoma, kwa taarifa yako, ilikuwa imeingia kwa Bibi Zuhura. Sisi ndio tuliomla yeye. Alikuwa amesimama pale na ndoo yake, na hata hakushangilia. Alisema tu kwamba mimea haina macho. Nikaona siwezi kunyamaza tena.

"Nakijwa," nikasema, "ile Jumatatu, mstarini."

Hakuinua macho kwenye daftari. "Ulisema kulitokea kosa."

"Ndiyo."

"Nilingoja useme la nani. Wenzangu waliingia darasani, mimi nikabaki nimesimama. Nilidhani labda utarudi."

"Lilikuwa langu," nikasema.

"Sijasikia, mwalimu."

Alikuwa amesikia. Mwenyekiti alikuwa ameacha kucheka. Bibi Zuhura akaitua ndoo chini. Nikalisema kwa sauti ile ninayotumia mbele ya darasa: kwamba huyu alipokuwa mwanafunzi wangu nilimtangaza mwizi wa namba, na hakuiba, alipima. Kwamba alitaka kunionyesha nikakataa. Kwamba nilipojua nimekosea niliogopa kujitaja, nikasema kosa limetokea, kana kwamba makosa hutokea yenyewe kama uyoga. Na kwamba namba za uongo nilizipika mimi, zamani, nikasifiwa.

Aliniangalia. Nilikuwa naujua mtazamo ule. Ndio ninaoutumia kwenye karatasi. Sijui aliamini kiasi gani, wala kama inamhusu tena kuamini. Kisha akafungua ukurasa mpya, akarudi kwenye bikoni yake.

"Haya," akasema. "Kaza tepu, mwalimu. Imelegea upande wako."

Nikaikaza.

Mama yako